Lugha iliyotangazwa kufa bado inapima kahawa Mbozi

Msimu wa kahawa Mbozi ukipamba moto, foleni kwenye mizani ya chama cha ushirika huanza mapema. Wakulima wanashusha mifuko ya kahawa mbivu kutoka kwenye bodaboda na matoroli, karani anasoma kilo, printa inakwaruza stakabadhi, mtu anakunja karatasi yake na kuondoka. Niliitwa hapo siku moja kama fundi. Mizani ilikuwa nzima, umeme ulikuwepo, kompyuta ilikuwa inawaka. Kilichokosekana ni intaneti tu. Mfumo mpya ambao chama kilikuwa kimeuziwa ulikaa kwenye seva ya mbali, na bila mtandao haukufungua hata ukurasa wa kuandika nywila. Karani alirudi kwenye daftari la mkono na foleni ikafika barabarani. Kahawa mbivu haina subira. Ikilala kwenye mfuko bila kumenywa inaanza kuchacha, na daraja linashuka.

Chini ya meza ileile kulikuwa na kompyuta ya zamani imefunikwa kanga. Ndani yake ilikuwamo programu ambayo chama kiliitumia tangu 2003, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Visual Basic 6 na kijana aliyekuwa akisoma Mbeya mjini. Ilikuwa inaandika kilo, inakata mkopo wa pembejeo, inahesabu malipo ya awali, na baada ya mnada inagawa malipo ya pili kwa kila mkulima. Haikuwahi kuuliza habari za mtandao. Viongozi waliambiwa waiache kwa sababu mbili: lugha yake imekufa, na siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti.

Sababu hizo mbili nazisikia Mwanjelwa kwenye maduka ya jumla, Makambako kwenye maghala ya mahindi, Mafinga kwa wauza mbao. Zinasemwa kwa uhakika kiasi kwamba mwenye mali anaona aibu kuuliza zina maana gani. Nataka tuulize, kwa sababu ndani ya kila moja kuna nyuzi kadhaa zilizosukwa pamoja, na kila uzi una jibu lake.

Tuanze na kifo cha lugha.

Tunaposema Visual Basic 6 tunataja vitu vinne kwa jina moja. Cha kwanza ni sarufi: maneno na kanuni anazofuata mwandishi wa programu, kama vile «If» huja na «End If» yake. Cha pili ni karakana yenyewe, yaani programu unayofungua ili kuchora fomu, kuweka vitufe na kuandika, pamoja na kompaila inayogeuza maandishi yako kuwa faili la kubofya. Cha tatu ni faili la kuendeshea, ambalo kila programu iliyotengenezwa kwa lugha hiyo hulitegemea ili iweze kukimbia. Cha nne ni ahadi ya mwenye kiwanda kwamba ukikwama atakusaidia na kasoro zikionekana atazirekebisha. Kwa Visual Basic 6, kilichokoma ni hicho cha nne, na pamoja nacho matoleo mapya ya cha pili. Vingine vipo.

Historia yake ni fupi. BASIC ilizaliwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mikononi mwa John Kemeny na Thomas Kurtz, waliotaka hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kuamuru kompyuta. Mwaka 1988 Alan Cooper aliiuzia Microsoft chombo chake cha kuchorea fomu, Microsoft ikakiunganisha na BASIC, na mwaka 1991 ikatoa Visual Basic ya kwanza. Toleo la 6 lilitoka 1998. Hilo ndilo lililoenea kwenye ofisi ndogo dunia nzima, kwa sababu mhasibu mwenye bidii aliweza kujifunza kwa miezi michache na kutengeneza kitu kinachofanya kazi. Kisha mwaka 2002 ikaja Visual Basic .NET. Jina lilibaki, lugha ikabadilika: programu za zamani hazikuingia ndani yake bila kuandikwa upya sehemu kubwa. Microsoft walikuwa na sababu yao, walitaka lugha zao zote zikae juu ya msingi mmoja na zitumie aina zilezile za data. Lakini waliokuwa na kazi ya miaka kumi mikononi waliachwa njiani. Machi 2005, zaidi ya wataalamu 200 ambao Microsoft yenyewe ilikuwa imewatunuku waliweka saini ombi la kutaka lugha ya zamani iendelezwe. Haikuendelezwa. Huduma kwa karakana ya Visual Basic 6 ilifungwa kabisa tarehe 8 Aprili 2008.

Wanaotangaza msiba huishia hapo. Hawasemi kwamba faili la kuendeshea, msvbvm60.dll, bado linakuja ndani ya Windows 11, na kwamba Microsoft imeahidi kulitunza kwa maisha ya Windows inayolibeba. Hawasemi pia kwamba ndugu wa damu wa lugha hiyo, VBA, anakaa ndani ya Excel hadi leo. Kila karani aliyewahi kurekodi makro ya kujumlisha mishahara ameandika sarufi hiyohiyo bila kujua jina lake.

Mwenyekiti wa chama alikuwa mzee wa makamo, mkulima hasa. Tulipoifunua ile kompyuta, nikawasha, programu ikafunguka na majina ya wanachama yakajipanga, aliniuliza, «Fundi, hii iliyokufa mbona inatutambua?» Nikamwambia, «Mzee, aliyeondoka ni muuza spea. Mashine ipo.»

Alielewa mara moja, maana kijijini kwao mashine ya kusaga ilikuwa ikizungushwa na injini aina ya Lister. Injini ile ya dizeli ya mwendo wa taratibu ilitengenezwa Dursley, Uingereza, na kiwanda kile kiliacha kuitengeneza zamani. Haikutoweka, kwa sababu mafundi wa India waliishika michoro yake na kuendelea kufyatua za kufanana nayo, pistoni kwa pistoni. Mwenye mashine ya kusaga hakubadili kinu, mkanda wala banda. Alibadili alikonunua spea.

Kufufua lugha ya programu kunakwenda hivyohivyo. Mtu anachukua sarufi iliyokwisha kujulikana, anaandika kompaila mpya kutoka mwanzo, kisha anaijaribu kwa programu za zamani mpaka zitoe majibu yaleyale. Clipper, iliyotawala mahesabu ya maduka na maghala enzi za DOS, kabla Windows haijaenea, ilifufuliwa hivyo na mradi wa Harbour ulioanza 1999. Ni wa bure, msimbo wake, yaani maandishi yake ya programu, uko wazi, na faili la zamani la Clipper linaweza kukompailiwa leo likakimbia kwenye Windows au Linux. Kwa Visual Basic 6 kuna twinBASIC ya Wayne Phillips, iliyotangazwa 2021 na kutolewa kwa hatua za majaribio, inayofungua miradi ya zamani na kutoa faili za biti 32 na hata biti 64, jambo ambalo Visual Basic 6 yenyewe haikuwahi kuliweza.

Je, si wizi? Swali hilo ni la haki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu tarehe 2 Mei 2012, katika kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming: hakimiliki inalinda maandishi ya programu, hailindi kazi inayofanywa na programu wala lugha yenyewe. Marekani nako, mwaka 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Google kunakili mistari ipatayo 11,500 ya Java, lugha nyingine ya programu, kwa ajili ya mfumo wa simu wa Android, kulikuwa matumizi halali. Huwezi kuchukua msimbo wa Microsoft ukaupachika jina lako. Unaweza kuandika kompaila yako inayoielewa lugha ileile.

Sasa, sitaki mtu adhani kufufua ni kubofya tu. Nimekesha nikihangaika na mambo madogo yaliyojificha, na hayo ndiyo yanayoamua.

Kubwa kuliko yote ni maandishi ya programu. Faili la kubofya peke yake halifufuki. Linaendelea kukimbia, lakini huwezi kulirekebisha. Unahitaji mafaili aliyoandika mtu, yenye mikia ya .frm, .bas na .vbp. Sisi tuliyapata kwenye CD iliyokuwa ndani ya bahasha pamoja na katiba ya chama. Ofisi nyingi hazina bahati hiyo. Mwandishi aliondoka na maandishi yake na hakuna aliyejua kwamba yalipaswa kubaki. Kama una programu ya namna hiyo ofisini, mtafute aliyeiandika wiki hii, kabla hajabadili namba ya simu.

Halafu vipo vipuri vya pembeni, mafaili yenye mkia wa .ocx. Ukihamishia programu kwenye kompyuta mpya, ujumbe wa kwanza utakaokutana nao ni kwamba MSCOMCTL.OCX haijasajiliwa. Watu wengi hufika hapo na kutamka kwamba programu imekufa, kumbe ni faili moja halijawekwa mahali pake na kusajiliwa kwa amri moja. Hili ni jambo la dakika kumi, na limeua programu nzuri nyingi.

Linalofuata linahusu fedha, na hapa naomba subira. Kwenye Visual Basic 6, namba iliyotangazwa kuwa «Integer» inaishia 32,767. Mwaka 2003 kijana yule aliweka bei ya mfuko wa mbolea humo akaona inatosha. Miaka ikapita, bei ikavuka kiwango hicho, na programu ikaanguka na kosa namba 6, maana yake chombo kimefurika. Karani alidhani ni virusi. Ilikuwa neno moja la kubadili, kutoka Integer kwenda Currency. Na hiyo Currency ni hazina: inatunza fedha kama namba kamili iliyozidishwa kwa 10,000, kwa hiyo hadi tarakimu nne baada ya nukta hesabu ya kujumlisha na kutoa haipotezi kitu. Namba za desimali za kawaida za kompyuta haziwezi kushika hata 0.1 kwa usahihi kamili, na ukigawa malipo ya pili kwa wanachama mia kadhaa, vichembe hivyo hujikusanya mpaka mizania ikatae kufunga. Visual Basic .NET iliiondoa Currency na kubadili ukubwa wa Integer. Ndiyo maana waliohamisha programu haraka walijikuta na leja mbili zisizokubaliana.

Na kuna majina yetu. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo fomu za zamani, ambazo zingevuruga Kiarabu au Kiamhara, kwetu hazina shida, isipokuwa kwa alama moja: ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'. Andika Mwang'onda au Ng'umbi kwenye kisanduku cha kutafutia, na kile kialama cha juu kinaiambia hifadhidata kwamba jina limeishia hapo. Programu inatupa kosa na mwanachama anaonekana hayupo. Kijana wa 2003 alikuwa amekutana nalo. Kwenye msimbo wake kuna mstari unaorudufisha alama hiyo kabla ya kutafuta. Mfumo mpya wa kwenye wingu, ulioandikwa na watu wasiowahi kukutana na ukoo wenye jina la namna hiyo, uliwakataa. Karani alilazimika kuwaandika bila alama, na stakabadhi zikatoka na majina yasiyolingana na vitambulisho vyao.

Ule mstari mmoja ulinifundisha kitu kuhusu sababu ya pili, ile ya wingu.

Wingu ni kompyuta za mtu mwingine zilizo katika jengo la mtu mwingine. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, na Google ikafungua Johannesburg 2024. Karani wa Mbozi akibofya «Hifadhi», kilo za mkulima zinapanda mnara wa simu, zinashika nyaya hadi pwani, na mara nyingi zinazama kwenye mkongo wa chini ya bahari kwenda huko au Ulaya, kisha jibu linarudi. Kwa kawaida safari hiyo ni chini ya sekunde. Lakini ina viungo vingi, na kimoja kikikatika mizani inasimama. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ilibaki na intaneti ya kusuasua. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu ya kutafsiri anwani kwenye kituo kimoja cha Amazon huko Virginia iliangusha huduma dunia nzima. Hakuna mkulima wa Mbozi aliyehusika na lolote kati ya hayo.

Kuna na suala la kupanga, kama mpangaji wa nyumba. Programu ya kujitegemea, inayokaa kwenye kompyuta yako, unainunua mara moja. Ya wingu unailipia kila mwezi, na siku ukishindwa, mlango unafungwa hesabu zako zikiwa ndani. Chukua mfano wa shilingi 60,000 kwa mwezi: ni 720,000 kwa mwaka, ilhali kahawa inapimwa miezi michache tu. Chama kile kilipotaka kuondoka, kilipewa taarifa zake kama picha za kurasa, zisizoweza kuingizwa popote. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Majina, simu na mikopo ya wanachama ni taarifa hizohizo, na kiongozi anayesaini mkataba anapaswa kuuliza seva iko wapi.

Hata hivyo wingu lina mahali pake, na nitakuwa siwatendei haki wasomaji nikinyamaza. Mfanyabiashara mwenye stoo Tunduma, Uyole na Makambako, anayetaka kuona mauzo yote kabla ya kulala, anahitaji mahali pamoja pa kukutania. Malipo ya simu hayawezi kufanyika bila mtandao. Ushirika wenyewe una MUVU, Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambako taarifa za chama hupelekwa kwa njia ya mtandao, na ni vyema, kwa sababu mwanachama analindwa pale hesabu zinapoonekana na msimamizi. Kosa ni kuifanya kazi ya sekunde kwa sekunde, ile ya mizani, itegemee njia iliyokusudiwa ripoti ya mwezi.

Mfano mzuri upo tayari kwenye kaunta za maduka: mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, tuliyonayo tangu 2010. Inatoa risiti hata mtandao ukiwa chini, inatunza mauzo kwenye kumbukumbu yake, na mawasiliano yakirudi inapeleka muhtasari TRA. Kazi inafanyika pale mteja alipo, na mtandao unatumika kupeleka habari tu.

Programu ya kujitegemea nayo ina maradhi yake. Kompyuta ikiibwa au ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, kila kitu kimekwenda kama hakuna nakala. Flashi inayozunguka kati ya ofisi, studio ya picha na duka la fotokopi inaweza kubeba virusi hata bila intaneti. Hifadhidata ya zamani, faili la .mdb, ina ukomo wa gigabaiti 2 na huharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika. Pia ni hatari chama kizima kumtegemea fundi mmoja, hata kama fundi huyo ni mimi. Mwenye kutetea programu hizi bila kuyataja haya anawauzia watu shida nyingine.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tulinunua kompyuta moja ya mitumba yenye Windows 11, na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Programu ya 2003 tuliisakinisha, tukasajili vipuri vyake, tukarekebisha bei ya mbolea na mambo mengine matatu. Kila jioni inatoa nakala kwenye flashi mbili; moja analala nayo mweka hazina, nyingine iko kwenye kabati la chuma. Flashi hizo haziingizwi kwenye kompyuta nyingine yoyote. Mara moja kwa mwezi karani anatoa jumla anazohitaji kujaza MUVU na kwenda kuzijaza kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti. Maandishi yote ya programu tumeyachapa kwenye karatasi na kuyatia kwenye faili, na binti wa karani, anayesoma mwaka wa pili chuoni, ameanza kuyasoma nami fomu kwa fomu. Mradi wenyewe tumeujaribu pia kwenye twinBASIC. Unafunguka, sehemu kubwa inakimbia, fomu ya kuchapa stakabadhi bado inapanga mistari vibaya.

Kazi iliyobaki ni kuhamisha kumbukumbu kutoka .mdb kwenda SQLite, ambayo ni faili moja kama ile ya zamani, haina mmiliki wa kulipwa, inastahimili umeme kukatika, na waandishi wake wametangaza nia ya kuitunza hadi 2050. Tumehamisha misimu yote kwa majaribio na kulinganisha kilo na leja za karatasi, mwaka kwa mwaka. Zote zinakubaliana isipokuwa msimu mmoja, ambapo leja na kompyuta zinapishana kwa kilo 14. Jumamosi karani nami tutakaa na vishina vya stakabadhi vya msimu huo tukitafuta ni za nani.